Mwaka wa Mtama: Habari za Bibi Mkuu Zilivyohifadhiwa Nyumbani

Jubilei ni wakati wa kuhesabu. Dayosisi ya Masasi ilitengwa na Dayosisi ya Unguja mwaka 1926, na Askofu wake wa kwanza alikuwa William Vincent Lucas. Tangu mwaka ule hata mwaka 2026 ni miaka 100. Katika hesabu hiyo majina ya Maaskofu yajulikana, na ya mapadre wengi na walimu wa kwanza vilevile, kwa kuwa watu hao waliandika barua, au waliandikwa katika barua za wenzao. Lakini wale waliolima mtama ulioliwa na mapadre hao, waliochota maji ya kukandia udongo wa makanisa ya kwanza, waliozaa na kulea watoto waliojaza shule, habari zao hazimo katika barua. Wengi wao walikuwa wanawake, nao hawakujua kuandika.

Nataka kusimulia habari za mmoja wao. Yeye ni mama yake bibi yangu mzaa mama. Sisi tu vitukuu vyake. Nyumbani hatukuzoea kumtaja kwa jina lake. Tulimwita Bibi Mkuu, na kwa jina hilo nitamwita hapa. Hakuwa malkia, wala mke wa jumbe, wala hakufanya jambo lililopigiwa ngoma. Alikuwa mkulima, akaishi chini ya milima ya Masasi tangu kuzaliwa mpaka kufa. Hata hivyo naona kwamba mtu akizijua habari zake vema, ataelewa mambo ya nchi hii ambayo daftari hazisemi.

Tena msomaji aliye mgeni na ajue desturi yetu. Kwa Wamakua, Wayao na Wamakonde ukoo hufuata mama. Mtoto ni wa tumbo la mama yake, na mwenye sauti juu yake ni mjomba. Kwa hiyo mama wa bibi mzaa mama si jamaa wa mbali hata kidogo. Yeye ndiye shina, sisi ni matawi.

JINSI HABARI ZILIVYOTUFIKIA

Habari za Bibi Mkuu hazikusimuliwa zote siku moja, wala kwa utaratibu wa vitabu. Zilitoka vipande vipande, kila kipande kwa kazi yake. Tulipobangua korosho tulisikia habari za njaa, ili tusichezee chakula. Mtoto aliyeogopa giza aliambiwa habari za pango. Mwali aliyekaribia kuolewa aliitwa kando, akaambiwa habari nyingine ambazo sisi wavulana hatukuzisikia mpaka tulipokuwa watu wazima.

Wasimulizi wakubwa walikuwa watatu: bibi yangu mwenyewe, ndugu yake mdogo wa kiume, na binti wa dada yao. Hawakusema sawasawa katika kila jambo. Basi katika kuandika nimefuata kanuni mbili. Kwanza, neno lililosemwa na wawili bila ya kukaa pamoja nimelipokea. Pili, neno lililosemwa na mmoja tu nimelipokea kama lapatana na jambo la nchi ambalo mwaka wake wajulikana. Mengine nimeyaacha, ingawa yalikuwa matamu.

Kwa mfano, Bibi Mkuu hakujua mwaka wa kuzaliwa kwake. Lakini wasimulizi wote watatu walisema kwamba, misheni ilipochomwa moto, meno yake ya mbele yalikuwa yametoka na mengine yalikuwa yakiota, hata watoto wenzake wakimcheka. Misheni ya Masasi ilichomwa mwisho wa Agosti 1905, katika vita ya Maji Maji. Mtoto hung'oka meno ya mbele akiwa na miaka sita au saba. Basi alizaliwa karibu na mwaka 1898. Alipozikwa mwaka 1976 watu walisema kwamba ana miaka 90 na zaidi, na ndivyo ilivyoandikwa katika daftari. Lakini hesabu ya meno yatuonyesha miaka 78 hivi. Mara nyingine kinywa cha mzee chashinda wino.

NENO LILILOFICHWA

Kila ukoo una habari ya mwanzo wake. Habari ya mwanzo wetu, tulivyoisikia tukiwa wadogo, ilikuwa fupi sana: "Mama yake Bibi Mkuu alikuja mwaka wa mtama." Hapo msimulizi alinyamaza, akaendelea na jambo lingine. Sisi watoto tulidhani kwamba ulikuwa mwaka wa mavuno mengi, na kwamba mama yule alihamia kufuata chakula, kama watu wahamavyo. Hata mama zetu walidhani hivyo.

Bibi yangu alipokuwa mzee sana, macho yamekwisha kuwa hafifu, alituita wajukuu wakubwa, akatufasiria neno lile. Alisema hivi: "Msidhani kwamba mtama ulikuwa mwingi shambani. Mtama ulikuwa kikapuni, na kikapu kilitolewa, na mama wa mama yangu akabaki." Ndipo tulipofahamu. Mama yake Bibi Mkuu alikuwa mtoto katika msafara wa watumwa uliotoka upande wa Nyasa kwenda pwani. Miguu yake ilikuwa na vidonda, hakuweza tena kwenda. Wenye msafara walikuwa na njaa. Wakamwacha katika kijiji kimoja, wakapewa mtama, wakaenda zao.

Jambo hili halikuwa geni katika nchi yetu. Masasi ilikuwa katika njia ya misafara iliyotoka Nyasa kwenda Lindi na Kilwa. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, Seyidi Barghash alipofanya mapatano na Waingereza, lakini kufungwa kwa soko hakukukomesha biashara barani mara moja. Watu waliendelea kutekwa na kuuzwa kwa miaka mingi, na mgonjwa au mtoto aliyechoka aliweza kutolewa njiani kwa chakula. Kwa hesabu zetu mama huyu aliachwa karibu na mwaka 1890. Ushahidi wa asili yake ni mdogo, lakini upo. Bibi Mkuu alikumbuka kwamba mama yake, alipougua homa, aliita maji "madzi", kama wanenavyo Wanyanja, na kwamba alisema kwao kuna maji ambayo mtu akisimama ukingoni haoni ng'ambo. Maji kama hayo hayapo Masasi. Ndiyo Nyasa.

Mtu wa leo aweza kuuliza, kwa nini neno hili lilifichwa karibu miaka mia? Jibu ni lile la ukoo. Katika nchi ambayo mtoto ni wa tumbo la mama yake, mwanamke aliyetolewa kwa mtama hana mama, hana mjomba, hana kaburi la wazee. Watoto wake wahesabiwa kuwa wa yule aliyemtwaa. Mkizozana juu ya shamba, atatokea mtu aseme, "Ninyi mlitoka wapi?" Likitafutwa jina la kurithi, hamna la kurithi. Serikali ya Wadachi iliamuru kwamba watoto wa watumwa watakaozaliwa tangu mwaka 1906 wawe huru, na chini ya Waingereza, mwaka 1922, sheria ilikomesha utumwa wote katika Tanganyika. Lakini sheria haikukomesha maneno ya kisimani. Kwa hiyo wazee wetu walilifunika neno kwa neno, wakasema "mwaka wa mtama", si kwa kusema uongo, bali kwa kuwakinga watoto wao.

MOTO WA MWAKA 1905

Vita ya Maji Maji ilianza mwezi wa Julai 1905 katika milima ya Umatumbi, kwa sababu ya kazi ya kulazimishwa katika mashamba ya pamba, na kodi, na ukali wa maakida. Dawa ya maji, iliyochanganywa na mafuta ya mbarika na mtama, ilitoka Ngarambe kwa Kinjeketile, ikaenezwa kusini upesi kuliko habari za Serikali. Mwezi wa Agosti vita ilifika kwetu. Misheni ya Wabenedikto ya Nyangao iliharibiwa, na misheni ya Masasi ikachomwa, na wamisionari wakakimbilia pwani.

Hayo vitabu vyasema. Bibi Mkuu alisema mengine. Alisema kwamba jioni ile mama yake hakuchukua nguo wala chungu. Alichukua kijinga cha moto kutoka jikoni, akakifunika kwa kigae, akamshika mtoto mkono, wakapanda mlimani pamoja na watu wengine, wakaingia katika pango. Walikaa humo siku ambazo mtoto hakuweza kuzihesabu. Mchana hawakuwasha moto, wasije wakaonekana kwa moshi. Usiku waliwasha kidogo, kwa kijinga kile. Watoto wakilia, mama zao waliwaziba vinywa kwa viganja. Tena alisema jambo moja ambalo lilimkaa moyoni mpaka uzee. Wanawake wengine walikumbatiana na ndugu zao, kila ukoo pembe yake. Mama yake alikaa peke yake mlangoni mwa pango, kwa kuwa hakuwa na pembe.

Askari wa Serikali walipoishinda vita, walichoma vijiji na ghala za chakula, na njaa ikafuata. Wanahistoria wakadiria kuwa waliokufa kusini kote walifika 200,000 au zaidi, na walio wengi hawakufa kwa risasi, walikufa kwa njaa na maradhi. Watu wa kwetu walikula ming'oko ya porini, na ilipokwisha wakachimba ndiga. Ndiga yaua isipolowekwa. Lazima imenywe, ikatwe vipande vyembamba, ilazwe katika maji ya mto yapitayo siku kadhaa, ndipo ipikwe. Mama yake Bibi Mkuu alijua kazi hii kuliko wenyeji, naye aliwafundisha. Bibi yangu alisema kwamba tangu njaa ile wanawake wa kijiji walianza kumwamkia mama yule asubuhi.

MTUNGI CHINI YA KINU

Bibi Mkuu aliolewa kabla ya Vita Kuu ya kwanza, baada ya unyago wake, akapata mtoto mmoja wa kike. Vita hiyo ilianza mwaka 1914 kwa Wazungu, lakini kwetu ilifika kwa nguvu mwaka 1917. Wamisionari wa Kiingereza walikuwa wamekamatwa na Wadachi na kufungwa. Walifunguliwa Tabora ilipotwaliwa na Wabelgiji mwezi wa Septemba 1916. Katika muda ule mapadre na walimu Waafrika ndio walioendesha kazi ya Kanisa, na wengine wao walipata mateso kwa kudhaniwa kuwa marafiki wa adui.

Mwezi wa Oktoba 1917 yalipigwa mapigano makali ya Mahiwa, si mbali na Nyangao. Kisha jeshi la Wadachi likarudi nyuma kwa njia ya Chiwata na Newala, Waingereza wakilifuata, na tarehe 25 Novemba 1917 Jenerali von Lettow-Vorbeck alivuka Ruvuma kuingia nchi ya Wareno. Majeshi mawili yalipita katika mashamba ya watu majuma machache kabla ya mvua za kupandia. Kila jeshi lilitaka chakula, na kila jeshi lilitaka wapagazi. Mpagazi alichukua mzigo wa ratili 50 au 60 kichwani, juu ya posho yake na mkeka wake. Waliokufa upande wa Waingereza peke yao walikuwa makumi ya maelfu. Jina la Kariakoo, mtaa wa Dar es Salaam, latokana na kikosi hicho cha wapagazi.

Mume wa Bibi Mkuu alichukuliwa katika majuma hayo. Wasimulizi wetu hawapatani kama ni Wadachi au Waingereza waliomchukua, nami naona kwamba kwa mke tofauti ilikuwa ndogo. Hakurudi. Hapana kaburi, hapana karatasi, hapana mtu aliyekuja kusema, "Nilimwona mahali fulani." Bibi Mkuu alingoja masika matatu. Kila jioni aliweka maji ya kunawa mlangoni, kama desturi ya mke amngojaye mume, na asubuhi aliyamwaga. Mwaka 1918 na 1919 ugonjwa wa mafua makali ukapita dunia nzima, nao ulimchukua yule mtoto wake wa kwanza.

Lakini katika mambo ya mwaka 1917 liko moja ambalo wote watatu walilisimulia, nalo ndilo lililosimuliwa zaidi kuliko yote. Habari za askari zilipokuja, Bibi Mkuu alijaza mtungi mbegu, akazichanganya na majivu ili zisiliwe na wadudu, akauziba kwa udongo. Kisha akachimba mahali pale kinu kisimamapo, akauzika, akasimamisha kinu juu yake, akaendelea kutwanga. Askari walichimba ua, walichimba jikoni, walichimba hata nyuma ya choo, lakini hakuna aliyeondoa kinu ambacho mwanamke alikuwa akitwangia mbele yake. Walipokwisha kwenda, mvua ilinyesha, akaufukua mtungi. Hakupanda zote. Aligawa kwa nyumba za jirani, kila nyumba konzi.

Ndugu yake bibi alisema kwamba mbegu zilikuwa za mtama. Binti wa dada yao alisema kwamba zilikuwa za mtama na mbaazi. Siwezi kuamua, wala si lazima. Lakini bibi yangu, aliyekuwa mwangalifu wa maneno, alikuwa na desturi ya kumaliza habari hii kwa kusema: "Kikapu kililipwa." Miaka mingi hatukujua maana yake.

MTU ASIYE NA MJOMBA

Karibu na mwaka 1920 Bibi Mkuu aliolewa mara ya pili, na kutokana na ndoa hii twatoka sisi. Hapo taabu ya ukoo ilionekana waziwazi. Ndoa ya kwetu yataka mjomba asimame, apokee maneno, na kukitokea ugomvi aamue. Bibi Mkuu hakuwa na mjomba. Katika ndoa ya kwanza alisimama mzee wa nyumba iliyomtwaa mama yake, lakini mzee huyo alikuwa amekufa, na wanawe hawakutaka kusimama.

Katika muda huohuo Bibi Mkuu alikuwa akisoma katikisimo. Alipobatizwa, mke wa mwalimu mmoja alisimama kuwa mama yake wa ubatizo, na ndugu wa mke yule akawa kama mjomba. Walisimama katika ndoa. Baadaye walikuja kuamua magomvi, walikuja matangani, na mavuno yalipokuwa haba walileta chakula. Wataalamu wa dini wataeleza maana ya wadhamini wa ubatizo kwa maneno yao. Mimi naandika yale nyumba yetu iliyoyaona: mtu asiye na pembe katika pango alipata pembe.

Wala hakuwa wa kwanza. Na tukumbuke jinsi Masasi ya Wakristo ilivyoanza. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere alitoka Unguja na watu zaidi ya hamsini, wanaume kwa wanawake, waliokuwa watumwa wakawekwa huru, akapita Lindi, akapanda nao bara. Nia ilikuwa kuwarudisha kwao, upande wa Nyasa. Lakini walipoona nchi ya Masasi na maji yake na milima yake, walikaa hapo, wakajenga. Mwaka 1882 Magwangwara waliwashambulia, wakaua wengine na kuteka wengine, na wengi wa waliobaki wakatawanyika, baadhi yao wakafuata kazi ya misheni Newala. Naye Cecil Majaliwa, Mwafrika wa kwanza wa misheni hii kupewa daraja ya kasisi, mwaka 1890, alikuwa mtoto aliyeokolewa katika utumwa. Basi wale wa kwanza walikuwa watu wasio na wajomba. Mkristo wa Masasi aonaye haya kwa habari kama ya nyumba yetu aona haya kwa msingi wa Dayosisi yake mwenyewe.

Iko habari moja zaidi ya jambo hili. Askofu Lucas, tangu alipokuwa padre wa Masasi, alitaka jando lisitupwe lote bali lisafishwe, na baadaye likafanywa vivyo hivyo kwa wasichana katika malango ya Kikristo. Katika unyago wa kijijini Bibi Mkuu hakukubaliwa kuwa kungwi, ingawa alijua nyimbo zote na mafundisho yote, kwa kuwa kungwi hutoka katika nyumba yenye wazee. Katika malango ya Kikristo alichaguliwa, akaifanya kazi hiyo muda wa miaka ishirini na zaidi. Wengine walinung'unika. Lakini mmoja wa wale walionung'unika ndiye aliyemletea binti yake mwaka uliofuata.

UZEE WAKE NA MAHAME

Miaka ya baadaye nitaipita kwa haraka, maana wazee wengi waikumbuka. Mwaka 1947 kazi ya karanga ilianza Nachingwea, na wanawe wawili walikwenda kutafuta mshahara. Reli ilijengwa kutoka pwani, na kazi yenyewe ikashindwa mwaka 1951, na reli nayo ikang'olewa baadaye. Mikorosho ilienea, nyumba za bati zikaonekana. Tanganyika ilipopata uhuru tarehe 9 Desemba 1961, Bibi Mkuu alikuwa mwanamke wa miaka zaidi ya sitini, bado akilima.

Miaka ya 1970 watu walihamishwa kwenda katika vijiji vya ujamaa kando ya barabara. Kijiji cha Bibi Mkuu kilikuwa mbali na barabara, basi nacho kilihama. Hakugombana na mtu. Aliomba jambo moja tu, achukuliwe kwanza kwenye kaburi la mama yake. Kaburi lile halina msalaba wala jiwe lenye maandishi. Alama yake ni mwembe na vigae vya chungu. Alikaa pale tangu asubuhi mpaka jua kali, akawaonyesha wanawe wote, na wajukuu waliokuwapo, mahali pa kichwa na mahali pa miguu. Kisha akaondoka. Alikufa mwaka 1976, akazikwa kwa ibada ya Kanisa katika kijiji kipya.

Sasa sikilizeni neno la kuhuzunisha. Yale mahame leo ni shamba la mikorosho. Katika wote walioonyeshwa kaburi siku ile wamebaki wawili, na mmoja wao hawezi tena kutembea. Nasi tulipokutana kama ukoo kuzungumza kama habari hizi ziandikwe, mzee wetu mmoja alikataa. Alisema, "Wazee walifunika, na wewe wafunua?" Neno lake lina haki, wala halikupuuzwa. Tulizungumza siku mbili. Mwisho wanawake wakubwa wa ukoo, ambao kwa desturi yetu ndio wenye tumbo, waliamua kwamba habari ziandikwe, ila majina yasiandikwe, wala kijiji kisitajwe. Walisema kwamba neno lilifunikwa ili watoto wasidharauliwe. Lakini likiendelea kufunikwa, watoto watamsahau aliyewazaa. Mzee yule alikubali, akaomba aongezewe jambo moja katika maandishi: kwamba mama yake Bibi Mkuu hakuchagua kuja, lakini alichagua kufundisha kuloweka ndiga. Nimeliandika.

KWA WALIMU NA WAZAZI

Wako watu katika kila mtaa wa Dayosisi hii, na katika Dayosisi ya Newala iliyotokana nayo mwaka 2009, ambao wana habari kama hizi midomoni mwa wazee wao. Kwa hiyo natoa shauri kwa walimu na wazazi.

Kwanza, msimuulize mzee mwaka. Mwulize meno, mwulize njaa, mwulize moto, mwulize ni Padre gani aliyembatiza, mwulize kama mtoto wake wa kwanza alikuwa akitambaa au akitembea siku ya jambo fulani. Miaka itajitokeza yenyewe.

Pili, waulizeni wanawake. Wanaume hukumbuka safari na mishahara na majina ya wakubwa. Wanawake hukumbuka mbegu, visima, maradhi ya watoto, nani alisimama katika ndoa ya nani, na kaburi lipo chini ya mti gani.

Tatu, sikilizeni maneno mafupi yanayorudiwa bila ya kufasiriwa. Katika nyumba yetu yalikuwa mawili, "mwaka wa mtama" na "kikapu kililipwa". Katika nyumba nyingine yatakuwa mengine. Mahali ambapo msimulizi hunyamaza na kubadili jambo, hapo pana habari. Lakini msimlazimishe. Bibi yangu alingoja mpaka alipoona kwamba tumekomaa kulipokea.

Nne, andikeni, hata katika daftari ya shule, mkitia jina la msimulizi na siku ya kusimulia. Wasimulizi wakipingana, andikeni yote mawili. Na habari za nyumba ya mtu ni za nyumba hiyo. Kabla ya kuzitangaza, ukoo na uulizwe.

Tano, wanafunzi na wapelekwe kuona mahame ya wazee wao wangali wapo wajuao njia. Sisi tumekwisha kuweka mawe kuzunguka mwembe ule, na mwenye shamba, ambaye si jamaa yetu, ameturuhusu kwa moyo mwema. Watoto wa ukoo wamepelekwa, mdogo wao akiwa na miaka saba, meno ya mbele yametoka. Ameonyeshwa mahali pa kichwa na mahali pa miguu.